Kosa Moja Kwenye Mchoro

Myanga, 9 Februari 2025

Kwako dada Nasike,

Pokea salamu kutoka kwangu na kwa Judy, mke wangu. Huku tuko wazima, isipokuwa goti langu ambalo limekataa kupanda kilima, na Judy anakohoa vumbi kama kila kiangazi. Natumaini wewe na Bramwel hamjambo, na kwamba kazi ya umeme hapo Tuwan inaendelea vizuri.

Najua ulifunga namba yangu. Tangu tumzike mama nikipiga naambiwa hupatikani, na jirani yako akipiga unapatikana. Ndiyo maana nimerudi kwa kalamu kama enzi za shule. Barua hii naiacha ofisi ya vifurushi ya shatli, wamesema itafika Kitale kesho.

Nina habari ya kukuchekesha. Nimenunua boti. Baada ya kiwanda cha sukari kufungwa nilikaa nyumbani mpaka Judy akachoka kuniona, ndipo nikaenda Port Victoria nikapata boti kuukuu ya kuvulia omena. Iko hapa katikati ya boma, maana fundi Kizito alikubali kuitengeneza lakini akakataa kulala ziwani kwa sababu ya mbu. Watu wa Myanga wakipita wananiuliza ziwa litaletwa lini. Kuku wameshataga ndani mara mbili.

Mbao Kizito anaziweza. Umeme ndio umetushinda. Omena hufuata taa, na bila taa hiyo boti ni kitanda tu. Nahitaji mtu anichoree nyaya zipite wapi, na nini kifungwe wapi. Mafundi wa Bungoma mjini wakisikia boti wanacheka. Wewe ndiye fundi ninayemwamini, na hiki ndicho kitu changu cha mwisho, dada. Kikishindwa sina kingine.

Kuhusu mambo ya 2022, nimeshasema na naandika tena. Sikujua kwamba mtoto angekuja siku ile. Sikujua.

Kaka yako,
Hillary


Tuwan, Kitale, 2 Machi 2025

Kaka Hillary,

Salamu zako zimefika. Sisi hatujambo, na Judy mpe pole ya kikohozi.

Simu yako niliifunga kwa sababu niliapa kaburini kwa mama kwamba sitaki kusikia sauti yako tena. Karatasi haina sauti, kwa hivyo nitaisoma.

Umeandika "sikujua" mara mbili, kana kwamba ya kwanza haikutosha. Acha nikuambie hicho usichokijua. Agosti ile Bramwel alikuwa na miaka kumi na minne. Alitoka kwa mama mdogo Nakhungu akatembea saa mbili, kengele mikononi, watu wakiimba nyuma yake, akija kwako. Wewe ndiye khocha wake, mjomba wake wa pekee. Hakuna mwingine chini ya jua anayeweza kumchinjia dume la ng'ombe na kumvisha luliki, ule ukanda wa nyama ya kidari, avae shingoni arudi nao nyumbani kabla ya kutahiriwa. Alikuta lango lako limefungwa kwa mnyororo. Alisimama juani mpaka saa kumi, waimbaji wakichoka mmoja mmoja. Akarudi njia ile ile shingo tupu, na kila nyumba ikatoka kumtazama. Kesho yake asubuhi alikatwa hivyo hivyo.

Alipopona aliniuliza, "Mama, nina kosa gani?" Alilitafuta kosa hilo mwaka mzima. Mara ni kwa sababu marehemu baba yake Kemboi alikuwa Msabaoti. Mara ni kwa sababu alikusalimia vibaya siku fulani akiwa mdogo. Mpaka leo ukitaja Bungoma anatoka nje.

Wewe unasema ulisikia atapelekwa kutahiriwa kwa watu wa baba yake Desemba, kwa hivyo ukaenda zako soko la Chwele. Nakhungu anasema aliona pazia lako likitikisika. "Sikujua" ni neno la watu wanaojua.

Mchoro nitakuchorea, na usidhani ni msamaha. Nitalipiza, Hillary. Na siku nikilipiza nitakuambia wazi, ili usije ukasema hukujua. Nitumie vipimo.

Mama Bramwel


Myanga, 14 Machi 2025

Dada Nasike,

Hamjambo? Sisi tuko salama, mvua imeanza na Kizito ameifunika boti kwa turubai.

Nimesoma yote. Sitabishana nawe kwa karatasi, maana kwa mdomo nilishindwa.

Urefu wake ni futi ishirini na nne, upana tano. Nyuma ni injini ya petroli ya kuning'iniza. Nataka taa nne kubwa za omena juu ya miti miwili, taa nyekundu na kijani mbele, nyeupe nyuma, mahali pa kuchaji simu, na pampu ya kutoa maji chini. Boti hii hata ikiwa mpya itavuja kidogo, Kizito amesema mbao zote huvuja. Nina betri moja kubwa na paneli moja ya sola.

Ukilipiza, nilipize mimi. Watakaokuwa ndani ya boti hawana hatia.

Kaka yako,
Hillary


Tuwan, Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Kaka Hillary,

Heri ya Pasaka kwenu. Bramwel ameimba kanisani leo, sauti yake sasa ni ya mwanamume. Sisi hatuna shida.

Kwenye boksi utapata mchoro kurasa tatu, mita arobaini za waya, boksi la fyuzi, swichi kuu, na vile vidude vya kubana ncha. Waya huo ni laini, wenye nyuzi nyingi ndani. Usikubali mtu akuwekee waya mgumu wa nyumba, injini ikitikisa utakatika ndani na hutaona. Betri ikae kwenye kisanduku cha mbao juu ya kiti cha katikati, isiguswe na maji. Kutoka betri waya mwekundu unaingia swichi kuu, kutoka swichi kuu unaingia boksi la fyuzi, na kutoka hapo kila kitu kina njia yake: taa za omena, taa za rangi, simu, pampu. Nyaya zipite juu, karibu na ukingo wa boti, ndani ya bomba. Hakuna maungio ya kuning'inia. Kila ncha ipakwe grisi. Ukitoka, zima kuu. Hilo nilimfundisha Bramwel kabla hajajua kusoma mita.

Sasa lile nililokuahidi. Kwenye mchoro huu nimeweka kosa moja. Ni moja tu. Sikuambii liko ukurasa gani. Halitaua mtu, mimi si mchawi. Lakini siku utakapoishusha boti, umevaa shati jeupe, mchungaji ameomba, Port Victoria yote imejipanga ukingoni, ndipo utajua. Utasimama mbele ya watu na kitu kilichokataa, kama mtoto wangu alivyosimama.

Tafuta. Una muda.

Mama Bramwel


Myanga, 11 Mei 2025

Dada Nasike,

Natumaini mko wazima. Mimi si mgonjwa ila sili vizuri, Judy anasema nimekonda shingo.

Niliposoma barua yako nilicheka. Siku ya pili sikucheka. Nimekaa na karatasi zako wiki tatu kama mwanafunzi wa mtihani. Nimefuata kila mstari kwa kidole. Sasa najua fyuzi inafanya nini, na kwa nini waya wa taa za omena umeuchora mnene kuliko wa taa za rangi. Kabla ya hapo nilidhani waya ni waya bana.

Nilimwita Gathii, yule anayeweka umeme kwenye nyumba za walimu. Aliizunguka boti mara mbili, akainama chini ya tumbo lake, kisha akaniuliza, "Mzee, na waya wa ardhi utauchimbia wapi?" Kizito alicheka mpaka akaketi. Gathii akakasirika, akasema kosa ni hilo, huwezi kuwa na umeme bila kuchimbia chuma. Akang'oa nyaya zote za upande wa kushoto akaweka zake za nyumba, ngumu. Nilimwacha. Alipoondoka nikakumbuka maneno yako kuhusu injini, nikazing'oa tena. Sasa upande wa kushoto hauna kitu.

Je, kosa ni ule waya mweusi unaorudi betri kutoka taa ya nyuma? Niambie ndiyo au hapana.

Kaka yako,
Hillary


Tuwan, 1 Juni 2025

Kaka Hillary,

Pole kwa kukosa hamu ya kula. Hapa tunakula vizuri.

Huyo Gathii mwambie akachimbie chuma hicho katikati ya ziwa, aniambie amekipiga kwa nyundo gani.

Waya mweusi hauna shida. Umeng'oa kitu kizuri kwa sababu ulikuwa na wasiwasi nacho. Endelea hivyo. Bramwel naye aliacha kucheza mpira, akadhani labda kosa lake ni miguu yenye vumbi.

Nakiri jambo moja. Barua yako niliisoma nikiwa juu ya ngazi, kwenye nyumba ya mteja huko barabara ya Suam, na nilifurahi mpaka nikashuka nisije nikaanguka. Sioni aibu kuandika hivyo. Miaka mitatu sijafurahi namna ile.

Mama Bramwel


Myanga, 15 Julai 2025

Dada,

Salamu. Mahindi yametoa mbelewele. Judy amepona.

Nimerudisha upande wa kushoto kama ulivyochora. Lakini nafikiri nimelipata. Wiki jana nilikwenda Port Victoria kuona boti za wengine. Mvuvi mmoja anaitwa Ngige, aliyezeeka ziwani, alinionyesha kwake pampu haipiti swichi kuu. Imetoka moja kwa moja kwenye betri, ina fyuzi yake pekee, na kile kiboya kidogo kinachoinuka maji yakija ndicho kinachoiwasha. Wewe umeipitisha swichi kuu kama taa. Ngige hakunieleza sana, alikuwa anashona wavu, alisema tu, "Hapa kwetu ni hivi."

Nimeihamisha kama yake. Ni hilo? Kama ni hilo, umenipata, nimeteseka vya kutosha, na tukae chini tuongee.

Kaka yako,
Hillary


Tuwan, 3 Agosti 2025

Hillary,

Tuko wazima.

Si hilo. Pampu imekaa mahali pake. Kila kitu hupita swichi kuu, hilo ndilo somo la siku ya kwanza, na mimi nimeweka umeme kwenye nyumba mia na zaidi na hakuna hata moja iliyoungua. Unaniacha mimi unamsikiliza mshona nyavu. Irudishe au iache, boti ni yako, lakini usitafute kosa mahali nisipoliweka.

Leo ni Agosti. Ungekuwa unajua kalenda ya moyo wa mtoto usingeniuliza kama umeteseka vya kutosha.

Mama Bramwel


Tuwan, 14 Septemba 2025

Kaka Hillary,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Judy. Umenyamaza wiki sita. Nilikuwa nikienda ofisi ya vifurushi kila Jumatatu kuuliza, na yule dada wa pale, Chepkorir, sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Bramwel alizipata barua zako. Nilikuwa nimezificha ndani ya boksi la balbu, na yeye ndiye hunisaidia kufungasha balbu. Alizisoma zote akiwa amesimama. Akaniuliza, "Mum, kosa lenyewe ni gani?" Nikamwambia hakuna.

Hakuna kosa, Hillary. Halijawahi kuwapo. Mchoro wote ni sahihi, niliuchora kwa uangalifu kuliko mchoro wowote maishani mwangu. Nilitaka ulitafute kosa lisilokuwapo, ulale nalo, ule nalo, ung'oe vitu vizuri kwa mikono yako mwenyewe ukidhani ndivyo vibaya. Kama alivyofanya yeye.

Nilidhani atafurahi. Aliniambia, "Kwa hivyo ulijua vile nilikuwa najiskia, na ukamfanyia mtu." Hakula jioni ile wala kesho yake.

Bado nina hasira nawe. Sijasema imekwisha. Lakini hii ya mchoro imekwisha. Rudisha kila kitu kama nilivyochora, na ushushe boti yako.

Dada yako,
Nasike


Myanga, 28 Septemba 2025

Dada yangu Nasike,

Salamu nyingi sana kwako na kwa mwanangu Bramwel. Sisi tuko salama, na tangu barua yako ifike mimi ninakula hata vya Judy.

Nilipomaliza kusoma nilikwenda nikaketi ndani ya boti, peke yangu na kuku. Nilikasirika kidogo. Kisha nikawaza mwaka mzima wa mtoto, mimi nimeshindwa na miezi mitano, na mimi ni mzee wa miaka hamsini na sita. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimekata tamaa, nilitaka kuiuza kama kuni.

Nimerudisha kila waya kama ulivyochora. Hata pampu nimeiondoa kwenye njia ya Ngige nikairudisha kwenye swichi kuu, usije ukasema bado sikuamini. Kizito alininung'unikia, nikamwambia dada yangu amesema.

Tunaishusha Jumamosi tarehe moja Novemba. Ijumaa yake nachinja dume hapa nyumbani. Najua luliki haivaliwi na aliyekwisha kuingia jandoni, sitafanya mchezo na mila. Lakini kidari nitampa Bramwel mkononi, langoni, mnyororo nimeuondoa, na nitasema mbele ya watu niliowaita kwamba alikuja na hakunikuta, na kwamba kosa halikuwa lake. Wewe ukiona ni mapema, usije. Mtume yeye.

Kaka yako,
Hillary


Port Victoria, 9 Novemba 2025

Nasike,

Sina salamu.

Bramwel alikuja, wewe hukuja. Nilimpa kidari langoni. Alilia, na mimi nililia, watu wote wa Myanga ni mashahidi. Jumamosi alipanda lori pamoja na boti mpaka ziwani. Yeye ndiye aliyebonyeza swichi na taa zote zikawaka mchana kweupe, watu wakapiga makofi. Tulipomaliza tuliifunga kwenye mti wa ukingoni, tukingoja mwezi upungue maana mwezi ukiwa mkubwa omena hawaji kwenye taa. Bramwel alikuwa wa mwisho kutoka. Alizima swichi kuu, akaniambia, "Khocha, mum husema ukitoka unazima kuu." Nikamsifu.

Kisha mvua ilinyesha siku tatu bila kupumzika. Ijumaa asubuhi Ngige alinipigia. Nilikuta miti miwili ya taa tu ndiyo iko juu ya maji. Ilijaa polepole pale pale ilipofungwa, ikazama kwa nyuma, injini ikaivuta. Kamba imekatika na mbao zimepasuliwa na mawe. Injini imekunywa maji na matope. Pampu ni nzima, betri ilikuwa imejaa. Haikuwa na umeme tu, kwa sababu swichi kuu ilikuwa imezimwa.

Nilikuuliza kwa kalamu yangu tarehe kumi na tano Julai. Ulinijibu kwa kalamu yako. Nimeambatisha barua hiyo hapa, isome. "Usitafute kosa mahali nisipoliweka." Kisha ukaniandikia hakuna kosa, kwa maneno matamu, ukamtuma mtoto, nikarudisha.

Uliahidi kulipiza na umelipiza. Sikujua kwamba unaweza kungoja namna hiyo. Tumemalizana.

Mwenye boti,
Hillary Wangila


Tuwan, 16 Novemba 2025

Kaka yangu Hillary,

Naandika hii mara ya nne. Natumaini uko mzima. Nimeanza hivyo kwa sababu sijui pengine pa kuanzia.

Ndani ya boksi kuna ukurasa mmoja. Nimeuchora upya. Pampu inatoka moja kwa moja kwenye betri, ina fyuzi yake, haipiti swichi kuu. Nilimpigia Ngige, Judy alinipa namba. Aliniambia kwa upole sana, kama mtu anayemwambia mtoto, kwamba nyumba ukiifunga inakaa kavu, lakini boti ukiiacha ndipo inaanza kunywa maji, na pampu ndiyo mlinzi anayebaki. Nikamwambia asante.

Hillary, sijawahi kuweka waya ndani ya kitu kinachoelea. Miaka kumi na tisa kila kitu nilichofunga kilikuwa na ukuta na msingi. Ulipouliza kuhusu pampu nilikuwa na hakika. Hasira ilinipa hakika zaidi, nikakujibu bila hata kuuchukua mchoro nikautazama.

Najua neno ninalotaka kuliandika. Najua nilisema nini kuhusu neno hilo tarehe mbili Machi. Sina lingine. Sikujua.

Usiamini. Mimi nisingeamini. Ningesema pazia lilitikisika. Lakini wiki hii nimefikiri kuhusu soko la Chwele, na kuhusu mtu anayerudi nyumbani jioni na kuku wawili mkononi, anaambiwa na majirani kwamba mpwa wake alikuja akaondoka. Nimeogopa, kwa sababu kama ilikuwa hivyo, basi nimekufanyia yote haya bure.

Sitaki unisamehe. Nataka kitu kimoja tu. Bramwel ndiye aliyeichukua barua yako ofisini, akaifungua njiani. Alifika akiwa ameishika. Aliketi kwenye kiti kile kile alichokuwa akikalia akiwa na kidonda cha jando, akaniuliza, "Mum, ni mimi niliizima. Nilikosea wapi?" Nimemwambia kosa ni langu. Nimemwambia mara nyingi. Haniamini, maana mimi ndiye niliyemwambia pia kwamba mchoro hauna kosa.

Wewe ulimwambia langoni kwamba kosa halikuwa lake, na alikuamini. Simu yako nimeifungua leo baada ya kanisa. Piga jioni yoyote. Nitampa aongee na wewe, na mimi nitatoka nje.

Dada yako,
Nasike